SOMO LA UFUGAJI: KUTAMBUA MAPEMA MARADHI YA GOLE NA TUMBO LA BATA

Madhumuni ya somo

Katika nyumba nyingi za wanachama wamo bata wanne au sita ambao hawaandikwi katika kitabu chochote. Hawana banda kubwa, hawanunuliwi chakula cha dukani, na aghalabu watoto wa nyumbani wamekwisha kuwapa majina. Hata hivyo bata hao ndio wauzwao zinapotakiwa daftari za shule, ndio wachinjwao mgeni ajapo, na mayai yao huliwa katika miezi ambayo fedha ya mazao bado haijalipwa.

Bata wa namna hiyo akifa, maelezo yatolewayo huwa mafupi: alikuwa mzima jana, leo ameonekana amelala chini. Kwa kweli ni mara chache bata akafa bila ya kutoa dalili. Dalili zilikuwapo siku mbili au tatu kabla, lakini hapakuwa na mtu aliyezitazama. Bata ni mnyama anayeficha udhaifu wake. Huendelea kutembea pamoja na wenzake na kuchovya mdomo majini kana kwamba anakula, hali hamezi kitu.

Somo hili limekusudiwa kumwezesha mwanachama kufanya mambo matatu. Kwanza, kujua njia ipitayo chakula mwilini mwa bata. Pili, kutambua kwa mkono na kwa macho kwamba njia hiyo ina kasoro. Tatu, kujua ni tatizo lipi analoweza kulishughulikia nyumbani, na ni lipi linalotaka Afisa Mifugo aitwe siku ileile. Makatibu wanaombwa walisome somo hili mbele ya wanachama, na ikiwezekana aletwe bata mzima mkutanoni ili kila mtu ajifunze kwa kumshika.

1. Safari ya chakula

Bata hana meno. Chakula akiokotacho hupita kwenye umio na kufika mahali panapotanuka, chini ya shingo, penye maungio ya shingo na kifua. Mahali hapo ndipo paitwapo gole. Gole la kuku ni kifuko kilicho wazi, ambacho huonekana kwa urahisi kimetokeza. Gole la bata si kifuko kamili. Ni umio wenyewe uliopanuka, na kwa sababu hiyo halionekani upesi kwa macho. Hapana budi lipapaswe.

Chakula hukaa katika gole kikilainika kwa maji, kisha huteremka kidogo kidogo hadi kwenye tumbo dogo lenye tezi, ambamo huchanganyika na maji makali ya tumbo. Kutoka hapo huingia katika firigisi. Firigisi ni msuli wenye nguvu, na changarawe ambazo bata amezimeza hufanya kazi ya mawe ya kusagia. Chakula kilichosagwa huingia utumbo, ambako mwili hujipatia nguvu, na masalio hutoka kama kinyesi.

Mambo mawili yafuata kutokana na maelezo hayo. Bata asiyepata maji ya kutosha hawezi kulainisha chakula, na bata asiyepata changarawe hawezi kukisaga vema. Sehemu kubwa ya matatizo ya gole huanzia katika upungufu wa kitu kimojawapo kati ya hivyo viwili.

2. Mkono wa alfajiri

Bata mzima hula mchana kutwa, na jioni gole lake huwa limejaa. Usiku hali chakula, nalo gole huendelea kumwaga kilichomo. Kulipopambazuka, gole la bata mzima huwa tupu. Hiyo ndiyo kanuni ya somo hili lote, na yafaa ikaririwe: jioni gole hujaa, alfajiri gole huwa tupu. Likikutwa limejaa alfajiri, kabla bata hajala wala kunywa, kuna kasoro.

Kupapasa hufanywa hivi. Bata akamatwe kwa upole bandani kabla mlango haujafunguliwa. Asikamatwe kwa mguu wala kwa bawa moja, maana miguu ya bata huumia upesi. Mabawa yake yabanwe chini ya kwapa la mshikaji, kichwa kikitazama mbele. Mkono ulio huru upite taratibu mbele ya shingo kuteremka hadi juu ya kifua, vidole vikibonyeza kidogo tu. Kwa bata mzima vidole vitakuta ngozi laini na msuli, basi. Kisha vidole vishuke hadi mfupa wa kifua. Nyama ikiwa imejaa pande zote mbili za mfupa, bata ana afya. Mfupa ukiwa umechongoka kama ukingo wa kisu, bata huyo amekuwa akikonda kwa siku nyingi.

Kazi hiyo haichukui hata dakika moja kwa bata mmoja. Mwenye bata sita anaweza kuwapapasa wote mara moja kwa wiki, na kumpapasa kila siku yule ambaye mwendo wake umebadilika.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba mbili zilizo jirani. Jumatatu jioni, bata mmoja wa kila nyumba amekula majani makavu marefu yaliyofyekwa na kuachwa uani. Katika nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba anampapasa bata wake Jumanne alfajiri kwa sababu jana alijitenga na wenzake. Anakuta donge gumu. Anamtenga, anamnyima chakula, anampa maji, na kijana anatumwa kwa Afisa Mifugo. Katika nyumba ya pili hakuna aliyempapasa. Jumatano bata anaonekana amesimama peke yake, lakini inasemwa kwamba labda ataka kuatamia. Ijumaa anayumba. Jumamosi anakamatwa, na mfupa wa kifua unauma mkononi. Jumapili amekufa. Bata wale walikula kitu kimoja katika siku moja. Kilichowatofautisha ni siku walizocheleweshwa.

3. Aina tatu za ubovu wa gole

Gole lililoziba. Alfajiri gole limejaa na ni gumu, kama unga uliokandwa au kama kamba iliyofungwa fundo. Bata hunyoosha shingo mara kwa mara, hufungua mdomo, hukataa chakula au hula kidogo na kukitema. Sababu zake ni majani marefu na makavu, nyuzi za magunia, vipande vya kamba ya mkonge, vipande vya mifuko ya plastiki, na nafaka kavu iliyoliwa kwa wingi pasipo maji.

Bata huyo atengwe mahali penye kivuli, asipewe chakula, apewe maji safi. Gole lisuguliwe polepole kwa vidole, mara tatu au nne kwa siku, dakika chache kila mara, ili donge lilegee. Ikiwa siku moja imepita na donge halijalegea, Afisa Mifugo aitwe, maana huenda likahitaji kupasuliwa, na kazi hiyo ni ya mtaalamu. Uzi ukionekana unaning'inia mdomoni usivutwe; mwisho wake mwingine huenda umekwisha kufika kwenye firigisi, na kuuvuta ni kumkata bata ndani.

Gole lililochacha. Alfajiri gole limejaa lakini ni laini, kama mfuko wa maji, na mdomo wa bata hutoa harufu kali kama ya togwa lililoharibika. Pengine utando mweupe huonekana ndani ya mdomo. Hapa chakula kimekaa mno, kikachacha, na kuvu za namna ya hamira zimeongezeka kupita kiasi. Hali hii hufuata gole lililoziba, chakula kilichooza, au kutumia dawa za viuavijasumu kwa muda mrefu bila ya ushauri. Kwa hiyo mwenye bata asikimbilie kumpa dawa hizo; huweza kuzidisha ugonjwa. Iko dawa maalumu ya kuua kuvu, nayo hutolewa kwa maelekezo ya mtaalamu. Wakati wa kungoja, bata asipewe mkate, wali wa jana wala kitu chochote kitamu.

Gole lililolegea. Gole limetanuka na kuning'inia, halirudi mahali pake hata baada ya kumwagika. Aghalabu ni matokeo ya kujaa kupita kiasi mara nyingi. Bata wa namna hii hapati nafuu kamili kwa urahisi, lakini aweza kuishi akipewa chakula kidogo kidogo, chenye maji, mara nyingi kwa siku.

Katika aina zote hizo tatu liko kosa moja ambalo limewaua bata wengi: kumpindua bata kichwa chini na kulikamua gole ili atapike. Maji yaliyomo huingia katika njia ya pumzi, na bata hufa mikononi mwa anayemsaidia. Jambo hilo lisifanywe.

4. Kinyesi husema nini

Asiyejua bata hushtuka aonapo kinyesi chepesi na kudhani ni kuhara. Bata hunywa maji mengi, na kinyesi chake kwa kawaida ni chepesi kuliko cha kuku. Kinyesi cha bata mzima ni cha rangi ya udongo au ya majani, kikiwa na sehemu nyeupe ambayo ndiyo mkojo wake. Mara chache kwa siku hutoka kinyesi kizito, cheusi kidogo, chenye kunata na kunuka sana. Hicho nacho ni cha kawaida.

Dalili za kutiliwa maanani ni hizi: damu katika kinyesi, rangi ya kijani kibichi pamoja na kukataa chakula, nafaka nzima zisizosagwa, maji matupu kwa zaidi ya siku moja, na manyoya ya nyuma yaliyogandamana kwa uchafu. Bata jike akivimba chini ya tumbo, karibu na tundu la haja, na kukaza misuli bila ya kutoa kitu, huenda ni yai lililokwama. Hilo si tatizo la gole, nalo linataka msaada wa haraka.

5. Vitu vya chuma

Bata huokota kila king'aacho. Misumari, vipande vya waya, parafujo na vipande vya bati vimekutwa katika firigisi za bata waliopasuliwa baada ya kufa. Vingine hutoboa. Vingine, hasa vyenye madini ya risasi au zinki, huyeyuka polepole kwa maji makali ya tumbo na kutia sumu mwilini. Bata wa namna hii hukonda, hutoa kinyesi cha kijani, hulegea mabawa, na huyumba miguuni. Kwa mkono hakuna litakaloonekana, kwa kuwa gole lake huenda ni tupu. Baada ya kuezeka nyumba au kujenga banda, uani paokotwe kwa uangalifu kabla bata hawajafunguliwa.

6. Maradhi yatakayo taarifa siku ileile

Yako maradhi ambayo huanza kwa dalili za tumbo lakini si tatizo la bata mmoja. Ni tatizo la kijiji.

La kwanza ni sumu ya mizoga. Bakteria huzaa sumu katika mizoga na matope ya madimbwi yanayokauka wakati wa joto. Bata akila funza waliotoka katika mzoga huo, hulegea miguu, kisha mabawa, hatimaye shingo, hata kichwa kikaanguka majini. Walio dhaifu waondolewe majini wasife maji, wawekwe kivulini na kupewa maji safi. Mizoga yote itafutwe na kuchomwa au kufukiwa shimo refu.

La pili ni tauni ya bata, ambayo huletwa na virusi. Bata wakubwa walionona hufa ghafla. Wengine huwa na kiu kubwa, hufumba macho kwa kuukwepa mwanga, na huhara maji au damu. La tatu ni kipindupindu cha ndege, ambacho hushambulia kuku na bata pamoja, kwa homa, kuhara na vifo vya haraka. Maradhi haya mawili hayatibiwi kwa kubahatisha. Yakumbukwe pia mdondo: bata aweza kuubeba bila ya kuonyesha dalili kubwa, ilhali kuku wanaonywa naye chombo kimoja wakateketea.

Hapa ndipo uaminifu wa mwanachama hupimwa. Aonapo bata wawili wamekufa kwa siku moja, shauri la kwanza linalomjia mtu ni kuwapeleka waliobaki mnadani kabla nao hawajafa. Fedha hiyo ataipata, lakini pamoja nao ugonjwa umekwisha kuuzwa katika nyumba nyingine, na kwa kuwa majirani hukopeshana bata dume na kugawiana vifaranga, hautakawia kumrudia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Bata wagonjwa wasiuzwe, wasichinjwe kwa kitoweo, wala mizoga yao isitupwe mtoni.

7. Ghala la chama na bata wa mwanachama

Liko tatizo moja la chakula ambalo chanzo chake si uani, bali ghalani. Baada ya msimu, magunia ya chini ya rundo hukutwa yamelowa na mahindi au karanga zimeota ukungu. Kamati hukaa kutafuta jinsi ya kupunguza hasara, na mara nyingi hutokea mjumbe akashauri kwamba yauzwe kwa bei nafuu kwa wenye bata na kuku. Shauri hilo huonekana la busara, kwa sababu hasara ya ghala imeandikwa katika vitabu, na bata watakaokufa majumbani hawakuandikwa popote.

Historia imekwisha kutoa jibu. Mwaka 1960, nchini Uingereza, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na vifaranga wa bata wakafa pia. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu itokanayo na kuvu. Ndiyo sumu inayojulikana leo kwa jina la sumukuvu. Vifaranga wa bata walionekana kuathirika upesi mno, hata wataalamu wakawatumia katika maabara kupima kama chakula kina sumu hiyo.

Kifaranga aliyekula sumukuvu hukataa chakula, hadumu kukua, hupooza miguu, na hufa kichwa kikiwa kimepinda nyuma. Aliyekomaa hudhoofika polepole kwa kuharibika ini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa, wala haiishi kwa kupangusa ukungu wa juu.

Wala haiishii kwa bata. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo vifaranga wa bata wakifa katika nyumba kadhaa zilizochukua chakula ghala moja, jambo hilo si la wafugaji peke yao. Mahindi ya ghala hilo yasimamishwe yasiuzwe wala kuliwa hadi yapimwe. Mahindi ya kuhifadhiwa yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, magunia yapangwe juu ya vichanja mbali na ukuta, na yaliyoota ukungu yateketezwe na kuandikwa kuwa hasara. Hasara iliyoandikwa yaweza kujadiliwa mkutanoni. Iliyogawiwa majumbani kwa bei nafuu haina mahali pa kujadiliwa.

8. Kinga

Chakula na maji viwekwe karibu, na chombo cha maji kiwe na kina cha kumwezesha bata kuchovya mdomo wote na kusafisha pua. Changarawe ndogo au mchanga mnene uwepo daima. Pumba zilowanishwe, na mabaki yaondolewe jioni yasichache. Majani yakatwe vipande vifupi. Nyuzi za magunia, kamba na mifuko ya plastiki viokotwe. Bata mgeni atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

9. Wajibu wa Katibu

Katibu aweke daftari dogo lenye safu tano: tarehe, mwenye bata, idadi ya wagonjwa na waliokufa, dalili, na chakula walichokula na kilikotoka. Safu hii ya mwisho isiachwe wazi. Nyumba tatu zikiandikwa katika juma moja kwa dalili zinazofanana, Katibu asingoje mkutano. Ampelekee Afisa Mifugo taarifa, na amwarifu Mwenyekiti. Daftari hilo ndilo litakalounganisha kifo cha bata wa mwanachama mmoja na cha mwingine, jambo ambalo hakuna mwenye bata anayeweza kulifanya peke yake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini gole hupapaswa alfajiri na si jioni?
2. Eleza tofauti kati ya gole lililoziba na gole lililochacha kwa kugusa na kwa harufu.
3. Kwa nini ni hatari kumpindua bata kichwa chini?
4. Mwanachama amepoteza bata wawili kwa siku moja, na kesho ni siku ya mnada. Afanye nini, na chama kimsaidie vipi?
5. Magunia kumi ya mahindi yameota ukungu ghalani. Kamati iamue nini, na uamuzi huo uandikweje katika vitabu?

Kazi ya nyumbani: kila mwanachama mwenye bata awapapase wote alfajiri moja kabla ya mkutano ujao, na aje na idadi ya aliowakuta na gole tupu, na ya aliowakuta na gole lililojaa.